KIWANJA CHA NDEGE NI WATU KABLA HAKIJAWA LAMI

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme neno juu ya mdahalo wa muhula uliopita. Wasomaji wengi walikuwapo, nao wanaikumbuka hoja iliyotolewa: "Kwamba kiwanja cha ndege cha Nyakisharara kitiwe lami mara moja." Upande wetu ulipinga, nasi tukashindwa vibaya. Mimi nilikuwa msemaji wa pili wa upande uliopinga, na nakiri kwamba nilisema ovyo. Nilipewa dakika tano, nikatumia tatu kukohoa na kutafuta karatasi zangu. Kushindwa si aibu, lakini hoja iliyoachwa njiani humsumbua mtu usingizini. Kwa hiyo naiandika.

Sikupinga kwa sababu nachukia maendeleo. Kila mmoja wetu ajua kwamba Mbarara imekuwa jiji tangu tarehe 1 Julai, 2020. Ina hospitali kubwa, ina chuo kikuu, ina viwanda vya maziwa. Walakini kiwanja chake cha ndege kina njia ya murramu tu, na mtu mwenye haraka ya kufika Entebbe hupanda basi na kuhesabu karibu kilomita 270 mpaka Kampala, kisha huanza kuhesabu tena. Wenzetu waliosema kwamba hali hii haifai walisema kweli. Nilichopinga mimi ni neno moja katika hoja, yaani neno "lami", kana kwamba lami ikishamwagwa basi kiwanja cha ndege kimepatikana. Mimi nasema kwamba kiwanja cha ndege ni watu kabla hakijawa lami. Watu wanaodai lami bila kudai watu ni kama mtu anayenunua mlango mzuri kabla hajajenga nyumba.

Nianze na swali la mama yangu, maana ndilo lililonifanya nilifikiri jambo hili. Sisi ni watu wa Nakivale. Tulivuka mpaka wa Bunagana kwa miguu mwaka 2012, nami nilikuwa na umri wa miaka sita. Mwaka 2019 dada yangu mkubwa na mumewe walipata ruhusa ya kwenda kukaa Kanada. Basi liliwachukua alfajiri pale Base Camp, sisi tukabaki tumesimama na vumbi lake. Walipanda ndege Entebbe usiku, kwenda kwanza Addis Ababa. Usiku ule mama hakulala. Alikaa nje ya nyumba akitazama juu, ingawa nilimwambia kwamba ndege ya kutoka Entebbe kwenda Addis Ababa haipiti juu ya Nakivale. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, sisi tulipokuja tuliulizwa karatasi kila kilima. Huko juu hakuna njia, hakuna kibao, hakuna taa. Dada yako akifika mpakani usiku huu anapokewa na nani?"

Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, nikamjibu kama wajibuvyo watoto: "Mama, rubani anajua." Mama akanyamaza. Nilijua kwamba hakutosheka, na kwa kweli mimi pia sikutosheka. Tangu siku ile nimesoma kila kitabu na kila karatasi niliyoweza kupata juu ya mambo haya. Sasa naweza kumjibu mama, na jibu langu ndilo hoja yangu.

Wengi wetu twadhani kwamba rubani hupaa akaenda apendako, kama kunguru. Hasha! Kabla ndege haijawasha mashine, karatasi ya safari yake imekwisha kupelekwa kwa wakuu wa anga: itapita wapi, itapanda juu kiasi gani, ina mafuta ya saa ngapi, na kama haikuweza kutua inakokwenda itakimbilia kiwanja gani kingine. Mpimaji wa hali ya hewa ametoa habari ya upepo, mawingu na mvua. Mtu aliye katika mnara huzungumza na rubani kwa simu ya upepo na kumpa ruhusa ya kusogea, kisha ruhusa ya kuingia njiani, kisha ruhusa ya kuruka. Rubani sharti ayarudie maneno ya ruhusa aliyopewa, ili ijulikane kwamba amesikia sawasawa. Ndege ikisha kupaa, mtu wa mnara huikabidhi kwa mwenziwe anayeangalia ndege zinazopanda na kushuka karibu na kiwanja. Huyu naye huikabidhi kwa mwingine anayeangalia anga pana ya nchi nzima.

Hata njia ile ya kurukia ina lugha yake. Ukifika Entebbe utaona namba kubwa zimeandikwa mwanzoni mwa njia kuu: upande mmoja 17, na upande wa pili 35. Namba hizo ni za dira. 17 maana yake digrii 170, yaani karibu kusini. 35 ni digrii 350, yaani karibu kaskazini. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiukabili upepo, basi mtu wa mnara hutazama upepo wa saa ile, akachagua upande. Njia yenyewe ina urefu wa mita 3,658. Hiyo ni lami nzuri, tena ndefu. Lakini lami haijui upepo unatoka wapi. Anayejua ni mtu.

Je, ndege mbili zikutanazo gizani hupishanaje? Hapa napenda wale wasiopenda hesabu wasikie. Ndege zinazoelekea upande wa mashariki hupewa maelfu ya futi yasiyogawanyika kwa mbili, kama 33,000, 35,000 au 37,000. Zile zinazoelekea magharibi hupewa 34,000, 36,000 na kadhalika. Kwa hiyo zikikutana uso kwa uso, moja hupita juu ya nyingine kwa futi elfu moja, na abiria wa pande zote mbili huendelea kusinzia. Ndiyo hesabu ya darasa la tatu, lakini imeokoa watu wengi kuliko dawa nyingi.

Sasa twafika kwenye mpaka wa mama. Anga ya dunia yote imegawanywa maeneo, na kila eneo lina kituo chake. Eneo letu huongozwa kutoka Entebbe. Ndege ya dada ilipokaribia anga ya Kenya, mtu wa Entebbe aliwapa habari wenzake wa Nairobi: ndege fulani inakuja, itafika mahali fulani dakika fulani, iko juu futi kadha wa kadha. Wa Nairobi akaipokea, akaiangalia, akaikabidhi Addis Ababa. Basi, Mama, jibu ndilo hili: dada alipofika mpakani alipokewa na mtu aliyekuwa amekwisha ambiwa jina la ndege yake, naye alikuwa macho akimngoja. Laiti na sisi tungalipokewa hivyo!

Mpangilio huu haukuota wenyewe kama uyoga. Tarehe 7 Desemba, 1944, vita vikuu vikiwa bado havijaisha, wajumbe wa nchi 52 walitia sahihi mapatano katika mji wa Chicago. Sharti la kwanza lasema kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Kutokana na mapatano hayo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montreal, na leo lina nchi wanachama 193. Lakini nawaomba wenzangu walioshinda mdahalo wasome sharti la 28. Hapo nchi zinaahidi kwamba, kwa kadiri ziwezavyo, zitaweka viwanja vya ndege, huduma za redio, na huduma za hali ya hewa. Vyote vitatu vimetajwa kwa pumzi moja. Walioandika hawakusema, "Wekeni viwanja, hayo mengine tutayatazama baadaye." Walijua kwamba kiwanja kisicho na redio wala mpimaji wa hewa ni shamba lililosafishwa tu.

Sisi wenyewe Afrika ya Mashariki tumekwisha ona jambo hili. Tarehe 2 Mei, 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli iliondoka London kwenda Johannesburg, nayo ilitua Entebbe njiani. Siku zile Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikuwa na idara moja ya usafiri wa anga. Baadaye kazi hiyo ikawa chini ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Njia ya Entebbe haikuhama. Lami ilikaa palepale. Kilichovunjika ni utawala na ushirikiano wa watu, na hicho ndicho kilichobidi kujengwa upya kwa miaka mingi. Hapa Uganda, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilianzishwa kwa sheria mwaka 1991. Nazo nchi za Jumuiya mpya zikaunda wakala wa pamoja wa kuangalia usalama wa anga mwaka 2007, na makao yake yako hapa hapa Entebbe. Wahenga walisema, "Manahodha wengi, chombo huenda mrama." Basi nchi hizi zimejaribu kulinganisha sheria zao, ili rubani akitoka kwa nahodha mmoja kuingia kwa mwingine asikute amri ya namna nyingine.

Kuhusu utawala nina neno moja zaidi, nalo nalisema kwa heshima. Huko Kenya mamlaka moja husimamia sheria na kuongoza ndege, na mamlaka nyingine huendesha viwanja. Tanzania bara kadhalika: anayekagua viwanja siye anayeviendesha. Hapa kwetu mamlaka ni moja. Ndiyo inayosimamia sheria, ndiyo inayoongoza ndege, tena ndiyo inayoendesha Entebbe pamoja na viwanja 13 vya mikoani, Nyakisharara kikiwa kimoja wapo. Sisemi kwamba wanafanya kazi vibaya. Nasema tu kwamba katika mpira wetu wa Jumamosi hatumpi mchezaji filimbi, hata akiwa mchezaji mwaminifu kuliko wote. Tukidai kiwanja chetu kikuzwe, tudai pia kwamba atakayekikagua asiwe yule yule anayekiendesha. Dai hilo halina gharama ya hata pipa moja la lami.

Sasa naja kwenye mambo matatu ya huzuni, ambayo ningaliyasema katika mdahalo kama nisingalipoteza dakika zangu.

La kwanza lilitokea si mbali na sisi. Ukivuka mto Kagera umeingia mkoa wa Kagera wa Tanzania, na mji wake mkuu ni Bukoba, kando ya ziwa. Kiwanja cha Bukoba kina njia ya lami. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam, ilikuwa inakuja kutua katika hali mbaya ya hewa. Ilianguka ziwani, karibu sana na kiwanja. Ilikuwa na watu 43. 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Walionusurika ni 24. Waliotangulia kufika kuwaokoa walikuwa wavuvi wenye mitumbwi yao na makasia yao. Siwezi kusema kwamba lami iliiangusha ndege ile, wala kwamba mtu fulani ana hatia. Hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nasema hivi tu: lami ilikuwapo. Siku ile watu wa Bukoba hawakuhitaji lami. Walihitaji hewa njema, na hiyo haiko katika uwezo wa mwanadamu. Tena walihitaji mashua za uokoaji tayari na wazamiaji tayari, na hayo yako katika uwezo wetu.

La pili lilitokea Ulaya, mahali ambapo hakuna ukosefu wa fedha wala wa mitambo. Usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani. Watu 71 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto wa shule kutoka Urusi waliokuwa wakienda likizo. Anga ile iliongozwa kutoka Zürich. Saa ile mwongozaji mmoja peke yake alikuwa akiangalia meza mbili, maana mwenziwe alikuwa amekwenda kupumzika. Tena simu kuu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Alipoiona hatari, muda ulikuwa umebaki mchache mno. Alimwambia rubani mmoja ashuke, wakati mtambo ulio ndani ya ndege ile ile ulikuwa ukimwambia apande. Ndege ya pili nayo ilikuwa inashuka kwa amri ya mtambo wake. Tazameni, ndugu zangu: rada ilikuwapo, redio ilikuwapo, lami ilikuwapo pande zote. Palikosekana mtu mmoja zaidi katika kiti kimoja zaidi.

La tatu ni la jirani zetu wa kaskazini. Sudan Kusini ilipata uhuru wake mwaka 2011. Walakini anga yake ya juu, zaidi ya futi 24,500, iliendelea kuongozwa kutoka Khartoum, kwa kuwa mitambo na watu waliofundishwa kazi hiyo walikuwa huko. Tarehe 15 Aprili, 2023, vita vikazuka Khartoum. Kituo kikanyamaza, na anga ya Sudan ikafungwa. Juu ya Sudan Kusini, nchi ambayo haikuwamo katika vita vile, palikuwa hakuna tena sauti ya kuwajibu marubani katika anga ya juu. Ndege nyingi zilizozoea njia ile kati ya Afrika yetu na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Hapo nilijifunza kwamba bendera haitoshi. Sharti la kwanza la Chicago lakupa mamlaka juu ya anga yako, lakini kama huna watu wako wa kukaa kitini usiku, mamlaka hiyo ni karatasi.

Najua majibu ya wenzangu, kwa sababu niliyasikia, tena yalipigiwa makofi.

Jibu lao la kwanza lilikuwa kwamba mgonjwa hawezi kungoja. Waliuliza: kama mama mjamzito wa Juru au wa Rubondo amezidiwa, je, tumwambie angoje mpaka mpimaji wa hewa amalize masomo yake? Swali hili liliniuma, maana nimewaona wagonjwa wakitolewa Nakivale katika barabara mbaya. Lakini tulifikiri vizuri. Mgonjwa wa Rubondo hapungukiwi na ndege kwanza. Apungukiwa na gari la wagonjwa, na barabara isiyogeuka tope wakati wa mvua. Na yule mmoja katika elfu anayehitaji ndege, atasaidiwa na ndege ndogo inayoweza kutua juu ya murramu iliyotunzwa vizuri, mradi kuna mtu wa kumwambia rubani kwamba njia ni kavu, kwamba ng'ombe hawamo, na kwamba wingu la Ziwa Mburo halijafika. Mgonjwa huyo aokolewa na redio kabla ya lami.

Jibu la pili lilikuwa la biashara. Walisema kwamba matoke ya Isingiro na maziwa ya Mbarara yataruka mpaka ng'ambo, na watalii watashuka kwetu. Huenda. Lakini matoke ni mazito na bei yake ni ndogo. Anayedhani kwamba mkungu wa ndizi utalipa nauli ya ndege na apige hesabu kwanza. Watalii ni kweli zaidi. Walakini kampuni ya ndege haiji mahali kwa kupenda rangi ya lami. Huuliza: zimamoto wapo? Mafuta yapo? Nani hutoa habari ya upepo? Kiwanja hufunguliwa saa ngapi, hufungwa saa ngapi? Swali la lami ni moja tu kati ya maswali kumi.

Jibu la tatu ndilo lililokuwa na nguvu kuliko yote, na msemaji wao alilisema kwa ufasaha. Alisema, "Watu hawaji mahali pasipo na kazi. Jenga kwanza, watu watakuja." Nimelifikiria jibu hili kwa majuma mengi. Lina ukweli ndani yake. Hakuna mtu atakayekaa Nyakisharara kungoja ndege ambazo hazitui. Lakini tutazame muda wa kila kitu. Mkandarasi mwenye mashine aweza kumaliza njia kwa mwaka mmoja au miwili. Mwongozaji wa ndege hapatikani hivyo. Kwanza amalize shule, tena awe amefaulu hesabu, fizikia, jiografia na Kiingereza, maana ndiyo lugha ya angani. Kisha aende chuoni. Kisha afanye kazi chini ya macho ya mkubwa wake, na apimwe tena na tena kabla ya kuachwa peke yake na roho za watu. Basi kama twataka vyote viwili vifike siku moja, kipi kianze safari mapema? Ni kile kinachokwenda polepole. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kwa hiyo nashauri hivi, na naomba wakubwa wa wilaya zetu wanaosoma gazeti hili walitazame shauri la mwanafunzi.

Kwanza, ardhi ya kiwanja na pembezoni mwake ilindwe tangu sasa, na wenye mashamba walipwe haki yao mapema, kabla nyumba hazijasongamana. Bei ya ardhi haishuki. Anayengoja atalipa mara mbili, tena kwa magomvi.

Pili, pawekwe mtu wa hali ya hewa wa kudumu, na vyombo vyake, aanze kuandika upepo, mvua na ukungu kila siku. Miaka mitano ya maandishi hayo itamwambia mhandisi ni upande gani njia ielekezwe na ni saa gani za asubuhi ukungu hukaa. Mhandisi asiye na maandishi hayo atakisia, nasi tutalilipia kisio lake.

Tatu, wachaguliwe vijana wachache kila mwaka kutoka shule za Mbarara na Isingiro, wapelekwe kusomea kazi zote za kiwanja, siyo urubani peke yake. Chuo cha Soroti kimekuwa kikifundisha marubani na mafundi wa ndege tangu kilipoanzishwa mwaka 1971. Lakini nikiwauliza wanafunzi wa shule yetu ni nani apendaye kazi za ndege, mikono yote huinuka kwa urubani. Hakuna anayeinua mkono kwa zimamoto. Hakuna anayeinua mkono kwa ufundi wa redio. Twataka wote kuwa nahodha, na chombo hakina baharia.

Nne, hayo yakianza, lami na ije. Nami siku hiyo nitakuwa wa kwanza kupiga makofi, hata kama msemaji wa upande wa pili atanicheka.

Ndugu wanafunzi wenzangu, hasa ninyi mliotoka Nakivale kama mimi, nina neno la mwisho kwenu. Sisi twaijua Entebbe kwa namna moja tu: ni mahali basi linapowapeleka watu wetu, wasirudi. Twaitaja kama watu wa zamani walivyotaja bandari. Kwa hiyo tukisikia habari za viwanja vya ndege twafikiri juu ya kuondoka. Mimi nataka tufikiri pia juu ya kubaki na kupokea. Wengine wetu tuliozaliwa ng'ambo ya mpaka hatujui ni milango gani itatufungukia tukimaliza shule. Lakini hesabu haiulizi karatasi, wala fizikia haiulizi umezaliwa kilima gani. Tujifunze hayo kwa bidii, ili mlango ukifunguliwa hata kidogo, tusikutwe mikono mitupu.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani nikamweleza mama habari hizi zote: ndege inavyokabidhiwa kutoka sauti moja mpaka sauti nyingine, tangu Entebbe mpaka Nairobi mpaka Addis Ababa. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua maharagwe. Kisha akaniuliza, "Na hao wanaokaa macho usiku kucha wakituangalizia watoto, wanalipwa vizuri? Wanapata kulala mchana?"

Bwana Mhariri, katika mdahalo wetu wote, pande zote mbili, hakuna mtu aliyeuliza swali hilo. Nalileta sasa mbele ya wasomaji, nikiomba lijibiwe kabla ya pipa la kwanza la lami kufika Nyakisharara.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Masha.